Mkwe Wangu na Taa ya Kijani

Mkwe wangu hashoni nguo ya mteja kabla ya kukimbiza mashine kwenye kitambaa cha kutupa. Hata kama aliiacha mashine salama jioni, asubuhi atachukua kipande kimoja kutoka kwenye kapu, atapitisha mshono mfupi, ataugeuza juu na chini, ndipo atavuta gauni la watu. Mteja akimharakisha, humjibu bila kuinua macho, "Subiri nijaribu kwanza. Nguo ikiharibika hutaigombeza mashine, utanigombeza mimi."

Mwanangu alipomleta nyumbani kututambulisha, nilimuuliza amesoma hadi wapi. Alinitajia darasa aliloishia bila aibu yoyote, kisha akaniambia kuwa blauzi niliyovaa imekatwa vibaya begani na kwamba nikimruhusu angeirekebisha. Marehemu mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nilinuna siku kadhaa, halafu nikampa blauzi. Naivaa mpaka leo.

Naandika habari zake kwa sababu mtaani petu zimekwisha kusimuliwa, na zimesimuliwa kwa chumvi nyingi. Mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi. Watu walipogombea mpaka waliomba aitwe yeye, kwa kuwa hakuwahi kuegemea upande wa mtu. Mimi nimefundisha hesabu hadi nilipostaafu. Jina la nyumba yetu halikupatikana kwa bahati, na sitakubali lipakwe matope na watu ambao siku ya tukio hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anaishi kwenye simu zaidi kuliko nyumbani. Kwa hiyo nyumba yetu ni ya wanawake watatu: mimi, mkwe wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, na mjukuu wangu, ambaye tangu alipoanza kusema tunamwita Chiriku. Chiriku ana pumu. Akiwa mzima, anaanza kuzungumza kabla hajafungua macho. Hunisalimu, "Umeamkaje, mke mwenzangu?", kisha atanisimulia ndoto, atanisimulia aliyoyasahau kwenye ndoto, na atauliza kwa nini meno yangu yanalala kwenye bilauri. Pumu ikimkaribia, sentensi zake zinafupika. Akifika mahali pa kusema neno mojamoja, mama yake huwa ameshavaa viatu.

Kliniki walimpa pampu mbili: ya bluu, ya kuvuta pale anapobanwa, na ya kahawia, ya kila siku, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, awe anaumwa au haumwi. Pampu haingii mdomoni moja kwa moja. Inachomekwa kwenye chupa ya plastiki yenye barakoa upande wa pili, mtoto anavaa barakoa na kupumua taratibu. Siku ya kufundishwa sikwenda, maana goti lilikuwa limevimba. Fundi alirudi ameyashika yote kichwani. Kwa muda mrefu kidogo mambo yalikuwa shwari, isipokuwa jambo moja: pampu ya kahawia ilikuwa inakwisha kabla ya wakati wake.

Kliniki waliliona hilo. Walimuuliza kama kuna mtoto mwingine anayetumia. Akasema hakuna. Wakamuuliza kama anauza. Alirudi nyumbani amejaa hasira.

"Mama, nauza pampu? Mimi? Nani atanunua pampu ya Chiriku, aliyoijaza makombo ya biskuti?"

Safari iliyofuata ndipo walipomwekea kile kifaa. Ni kofia nyeupe ya plastiki inayovishwa juu ya pampu ya kahawia. Kila unapobonyeza, kinahesabu. Ukifika mara mbili, taa ndogo ya kijani inawaka. Ukizidisha, inawaka nyekundu. Ukisahau saa ya dawa, kinapiga wimbo mfupi wa kukera, na taarifa zote zinapitia kwenye simu ya Fundi hadi kliniki bila yeye kufanya lolote. Chiriku alikipenda papo hapo na kukipa jina: Mpelelezi.

Jioni ile ya kwanza nilikuwa napanga vikombe nikasikia mkwe wangu akisema, "Mungu wangu." Niliingia kwenye chumba chake cha kushonea. Chiriku alikuwa amekaa juu ya furushi la vitambaa na barakoa usoni, na mama yake ameificha pampu chini ya aproni kama mwanafunzi aliyefumaniwa na karatasi ya majibu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Umesema Mungu wangu kwa sababu ya hakuna kitu?"

"Nimejichoma sindano."

Sindano zote zilikuwa kwenye kijaluba chake. Nilirudi kwenye vikombe vyangu. Kuanzia kesho yake taa ikawa ya kijani kila nilipopita, asubuhi na jioni.

Jirani yetu mwenye duka, ambaye hakuna jambo linalompita, alikiona kifaa hicho siku Fundi alipoenda kununua sabuni akiwa na pampu mkononi.

"Makubwa! Nyumba ya msomi imewekewa polisi wa plastiki."

"Kinahesabu dawa tu, dada," Fundi alimjibu.

"Na wewe hujui kuhesabu? Mama mkwe wako si alifundisha hesabu?"

Nilimwambia Fundi asijibu watu wa namna hiyo. Lakini usemi ule ulinikaa kifuani, sitaficha.

Kisha mtoto akaanza kuzidiwa.

Haikuja kwa kishindo. Alianza kuacha ndoto zake katikati. Akipanda ngazi ya mlangoni alisimama kwanza, akajifanya anaangalia siafu. Pampu ya bluu, ambayo zamani ilikaa kwenye droo mpaka tukasahau ilipo, sasa ilitembea naye mfukoni. Nikimsikia kwenye chumba cha pili, nilijikuta nimeacha kusoma gazeti, nahesabu maneno yake kati ya pumzi moja na nyingine, na kila wiki yalipungua.

Fundi hakukaa bure. Alihamisha cherehani barazani ili vumbi la vitambaa lisikae ndani. Alitoa zulia. Alichemsha mashuka. Paka wetu alipelekwa kwa binamu yangu, na Chiriku alilia mpaka tukalazimika kutoa ile pampu ya bluu, jambo lililotufanya tujiulize kama tumeponya au tumeharibu. Wateja waliokuja na manukato makali alizungumza nao wakiwa nje ya geti. Alishona huku mtoto amekaa miguuni pake, na kila baada ya pindo aliinama, akaweka sikio mgongoni pa mwanawe, akasikiliza, akarudi kushona. Nilimwona akikonda.

"Kijani, Mama," alikuwa akiniambia baada ya kila dawa, akinionyesha ile taa. "Umeiona? Kijani."

Alisema kama mtu anayeomba aelezwe.

Siku ya kliniki tulikwenda wote watatu. Daktari alikuwa kijana, msafi, mpole wa sauti. Aligeuza kompyuta ili tuone. Kwenye kioo kulikuwa na vijiti vya kijani vilivyosimama sambamba, vyote vya urefu mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mama huyu hajakosa dozi hata moja," alisema.

Nilitegemea atabasamu. Hakutabasamu. Aliweka kipimo chake mgongoni pa Chiriku, akasikiliza mahali pengi, akarudi kitini.

"Mtoto anayepata dawa kiasi hiki hakupaswa kuwa na kifua hiki. Ama dawa haimtoshi, ama haiingii."

"Haiingii kivipi?" niliuliza.

Aliweka kalamu chini. "Kifaa kinahesabu kubonyeza, hakihesabu kupumua. Wapo wazazi ambao hubonyeza hewani ili kifaa kiridhike. Sisemi ni huyu."

"Umesema mbele yake," nilimwambia, "kwa hiyo umesema ni huyu."

Fundi alikuwa akikunja na kukunjua ukosi wa gauni la mwanawe. Daktari akaeleza kwamba hatua inayofuata ni vidonge vikali, ambavyo mtoto akivitumia muda mrefu vinaweza kumdumaza na kumlegeza mifupa, na kwamba hapendi kumwanzishia bila uhakika. Angependa kwanza alazwe wodini. Apewe dawa ile ile ya kahawia, kwa kipimo kile kile, ila na wauguzi.

"Akipata nafuu mikononi mwetu, tutajua tatizo liko wapi."

Hakuhitaji kufafanua. Nimesoma daftari za wanafunzi zikiwa juu chini kwa miaka mingi, na alipokuwa anaandika kwenye jalada nilimsoma: *Maelezo ya mama yana shaka.*

Mwanangu alipiga simu jioni. Niliongea naye jikoni, lakini simu yangu haisikiki bila kuweka sauti ya nje, na kuta zetu si nene.

"Mama, nipe ukweli. Anampa dawa au hampi?"

"Anampa."

"Umemwona?"

"Namwona ameshika pampu, naiona taa."

"Taa! Daktari mwenyewe amesema taa si kitu." Nyuma yake injini za magari zilikuwa zinanguruma. "Sikiliza. Mtoto akilazwa akawa mzima, akitoka haendi tena nyumbani. Ataenda kwa dada yangu. Kule kuna mtu wa kumwangalia vizuri."

Barazani cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza.

Nilipotoka, mkwe wangu alikuwa amekaa na mikono juu ya kitambaa, mguu ukiwa bado kwenye pedali. Chiriku alikuwa amesinzia kwenye mkeka, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyebeba mzigo.

"Umesikia," nilisema.

"Nimesikia, Mama."

"Mwanangu, niambie mimi tu. Unampa yote?"

Alitoa mguu kwenye pedali. "Nikiapa mtasema naapa uongo. Nisipoapa mtasema naogopa kuapa. Nichagulieni moja."

Nilikaa kando yake. Sikujua tena ninachoamini. Nilikuwa na hofu mbili ambazo haziwezi kukaa chumba kimoja: nilitamani mtoto apate nafuu wodini, na niliogopa apate nafuu wodini. Akizidiwa, anaingizwa kwenye vidonge. Akipona, ananyang'anywa mama yake, na mtaa mzima utasema kwamba nyumba ya yule mpimaji ilikuwa inamnyima mtoto dawa. Naye Fundi alilijua hilo kabla yangu. Alinyanyua kitambaa, akakiweka chini tena.

"Mama, kinachonitisha si wao," alisema. "Kinachonitisha ni kwamba huenda wana haki. Kuna kitu nakosea na sikioni."

Wodi ya watoto ilikuwa ndefu, yenye kuta zilizopakwa rangi ya krimu mpaka usawa wa mkono, na juu yake nyeupe. Kitanda chetu kilikuwa karibu na dirisha. Kwenye kitanda cha pili alilazwa mtoto mwenye mguu wa plasta, na mama yake alitukaribisha kwa kututazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Muuguzi aliyepangwa kutupokea alikuwa yule sista wa kliniki, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, aliyemfundisha Fundi siku ya kwanza. Siku hizo alikuwa anashika zamu wodini.

"Mgeni wangu!" alimwambia Chiriku. "Nasikia wewe unaongea kuliko redio. Leo betri imekwisha?"

Chiriku hakujibu. Aliingiza uso kwenye kiuno cha mama yake.

Jua lilipoanza kulegea, sista alikuja na trei. Alichukua pampu ya kahawia, akaichomeka kwenye chupa, akasogeza barakoa. Chiriku akageuza uso ukutani. Sista akamzungukia upande wa pili, naye akageukia huku.

"Sitaki. Wewe. Ma. Ma."

Alianza kulia, na kilio kikaleta kikohozi, na kikohozi kikamkamata hadi midomo ikapauka. Fundi alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, kama alivyoagizwa asiguse chochote.

"Basi, basi," alisema sista, akimpigapiga mtoto mgongoni. "Mama, mpe wewe kwa leo. Kesho ataninyenyekea mwenyewe. Lakini nitasimama hapa."

Mkwe wangu alinawa mikono. Alikaa kitandani, akampakata mwanawe, akamnong'oneza kitu mpaka kikohozi kikatulia. Akaichomoa pampu kwenye chupa. Akaitikisa vizuri. Akainyoosha pembeni, mbali na uso wa mtoto, akabonyeza. Ukungu mwembamba ulitoka na kupotea kwenye mwanga wa dirishani. Akaichomeka kwenye chupa, akamvika mtoto barakoa, akabonyeza, akahesabu pumzi kwa sauti ya chini bila haraka. Taa ya kijani ikawaka.

"Kijani," alisema, akiinua pampu tuione.

Sista hakuwa anaangalia taa.

"Ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ipi?"

"Uliyoitupa dirishani."

"Ile ya kujaribu," alisema Fundi.

Sista aliweka trei chini. "Yaani mbele yangu? Mimi nimesimama hapa, unaimwaga dawa mbele yangu?"

"Siimwagi, sista, najaribu kama inatoka…"

"Kumbe daktari alisema kweli!"

Sauti yake ilifika mwisho wa wodi. Vichwa viligeuka. Mama wa yule mtoto wa plasta alivuta kiti karibu. "Ndio hao hao," alimwambia mtu wa kitanda cha tatu, bila kujisumbua kupunguza sauti. "Wanavaa vizuri, kumbe."

Nilisimama, ijapokuwa goti lilikataa. "Dada, mtoto wako ana mguu mmoja wa kuangalia. Uangalie huo." Kisha nikamwambia sista amwite daktari, na nikasema tena, kwa ile sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, kwa sababu mara ya kwanza hakusogea.

Daktari alikuja anafunga vifungo vya koti. Sista akamweleza. Wakati huo wote mkwe wangu alikuwa amemkumbatia mtoto na pampu kwa pamoja. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa.

"Daktari," nilisema, "kabla hujaandika, nisikilize. Wewe ulituambia juu ya watu wanaobonyeza ili kukidanganya kifaa. Mtu huyo angefanya hivyo mbele ya muuguzi aliyeletwa kumchunguza? Muulize. Hakuna aliyemuuliza anafanyaje. Mmemuuliza anafanya mara ngapi tu."

Daktari alitazama pampu, akamtazama Fundi, akavuta kiti.

"Nieleze," alisema. "Kwa nini unabonyeza pembeni?"

"Kuona kama inatoka. Sijui kumpa mtoto kitu ambacho sijakijaribu."

"Kila siku?"

"Kila mara. Asubuhi na jioni."

"Na kwa mtoto unabonyeza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Tulikwambia mbili."

"Nilikuwa nampa mbili!" Sauti ilimpasuka. "Mwanzoni nilikuwa najaribu moja, nampa mbili. Halafu mkaniletea hicho. Jioni ya kwanza nilipobonyeza ya mwisho kikawaka nyekundu. Mlisema nyekundu ni kuzidisha. Mlikuwa mmeshaniuliza kwa nini dawa inakwisha upesi. Nikaona ndiyo hii, nimekuwa namzidishia mwanangu dawa muda wote. Niliona aibu, hata Mama sikumwambia. Nikakumbuka siku ya kufundishwa: sista alibonyeza moja hewani, akambonyezea mtoto moja. Jumla mbili. Nikasema basi, makosa yalikuwa yangu, na mashine ni ya watu waliosoma."

Sista alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Ni kweli," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa tena ya kufika mwisho wa wodi. "Siku ile nilibonyeza hewani. Pampu ilikuwa mpya kabisa, ndiyo nimeitoa kwenye boksi. Ikiwa mpya lazima uijaribu. Sikumwambia kwamba ni ikiwa mpya tu."

"Na ile ya pili kwa mtoto?" daktari aliuliza.

"Mtoto alikuwa analia. Nikamwambia mama atamalizia nyumbani."

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. Nilimwona anapiga hesabu ile ile niliyokuwa nimekwisha kuimaliza. Pampu ilikwisha upesi kwa sababu dawa ilitoka mara tatu. Wakaleta kifaa. Kifaa kikasema mbili, na mwanamke mtiifu akatii.

"Mtoto amekuwa anapata nusu," alisema.

"Nusu?" Fundi alirudia. "Nusu tangu lini?"

Daktari aliitazama ile kofia nyeupe. "Tangu tulipokupa kifaa."

Nilidhani atapiga kelele. Aliteleza tu kutoka kitandani hadi sakafuni, mtoto mikononi, akaweka shavu kwenye nywele zake. Alikuwa anasema kitu ambacho sikukisikia na sikutaka kukisikia. Sista aliinama akakaa naye chini, pamoja na sare yake, akamshika bega. Hakumtania.

"Mpe ya pili," alisema baadaye. "Sasa hivi. Usijaribu. Mpe."

Mkwe wangu alimweka mtoto sawa mapajani. Aliichomeka pampu, akafunga macho, akabonyeza. Chiriku akavuta pumzi. Ile taa, ambayo ilikuwa imewaka kijani kila siku mtoto akiishiwa pumzi, ikawaka nyekundu, na sisi watu wazima wanne tukaitazama.

Daktari alisema mtoto atabaki wodini siku chache hadi kifua kitulie, na dawa atapewa na mama yake. Vidonge aliviweka kando kwanza. Aligeuka aondoke.

"Kuna sentensi uliiandika kwenye jalada," nilimwambia. "Kuhusu maelezo ya mama."

Alishtuka kidogo. "Nitaongeza maelezo chini yake."

"Sikuomba uongeze. Ikate, na utie sahihi pembeni."

Aliikata mbele yangu, akatia sahihi. Yule mama wa plasta aliona. Nilihakikisha ameona.

Mwanangu alipopiga simu nilimweleza yote, na nilimweleza taratibu ili asipate pa kunikatiza. Kisha akauliza kama mkewe yupo karibu. Nilimpa Fundi simu nikatoka kwenda kunyoosha goti. Waliyoongea ni yao. Habari za kwenda kwa dada hazijarudi tena.

Watu hudhani tulirudi nyumbani tukiwa tumepona. Tulirudi na hofu ile ile, ila imebadilisha kiti. Dawa ya aina hii haifanyi kazi kama kuwasha taa, na kifua kilichoachwa njaa kinachukua muda kushiba. Wiki zote za mwanzo mtoto alikuwa bado anasimama kwenye ngazi. Mwenye duka aliniuliza, "Sasa dawa mnampa yote?" nami nikamwuliza kama chenji ananirudishia yote. Usiku na mchana tulikuwa tunasikiliza. Fundi alikuwa akijilaumu kwa mambo ambayo hayakuwa na uhusiano hata kidogo: kwamba alikula nini akiwa na mimba, kwamba alichagua kazi ya vitambaa. Nilimkatiza kila mara. Kisha ngazi zikapandwa mara moja, bila siafu kuangaliwa. Nami nilikaa roho juu hata hivyo, nikingoja zishindikane tena.

Tuliporudi kliniki, daktari alisikiliza kifua mahali pengi kama desturi yake. Safari hii alitabasamu, ingawa alisema tusilale, kwa kuwa pumu haipigi hodi. Kisha akasema kwamba kwa yaliyotokea, kama familia ingependa, anaweza kukiondoa kile kifaa.

"Kiondoe," nilisema. Nilikuwa nimengojea neno hilo. Sikutaka kitu hicho kiwe ndani ya nyumba yangu hata dakika moja zaidi. Kilitutia aibu, na kilituumizia mtoto.

"Kiacheni," alisema mkwe wangu.

Niligeuka. Katika miaka yote aliyokaa kwangu hakuwahi kunipinga mbele ya watu, ukiacha ile blauzi.

"Mwanangu, kwa nini?"

"Kwa sababu kinapiga wimbo nikisahau, Mama, na nina kazi nyingi, ipo siku nitasahau." Alisema kwa heshima, kisha akamgeukia daktari. "Kuhesabu kihesabu. Ila mkiona vijiti vyote vya kijani na mtoto anaumwa, msimwite mtu mwongo. Mwambieni awaonyeshe."

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Nilianza kumfunga Chiriku vifungo vya gauni. Mtoto ni wake.

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu, na tulipokuwa bado kwenye benchi, kifaa kikaanza wimbo wake ndani ya mkoba. Watu wakatazama. Nilitamani tungoje mpaka nyumbani. Fundi alitoa chupa, akaitikisa pampu, akaichomeka. Hapo mkono wake unasita. Unasita kila siku, mpaka leo, nauona. Kidole kinakaa juu ya ile kofia, na uso wake unakuwa wa mtu anayetakiwa kukata kitambaa cha watu gizani.

Akabonyeza.

"Imetoka?" alimuuliza mwanawe.

Chiriku, akiwa ndani ya barakoa, alitikisa kichwa kukubali.

"Hakika?"

Akatikisa tena, kwa nguvu, akionyesha kwa kidole kwamba asisumbuliwe, anavuta.